Kuuliza Si Ujinga: Malezi ya Ubunifu kwa Mtoto Mwenye Kipaji

Wahenga wetu walisema kuuliza si ujinga. Methali hii tumeirithi, tunaibandika kwenye kuta za madarasa, na mara kwa mara tunawapa watoto waikamilishe katika majaribio ya Kiswahili. Lakini siku mtoto anapoitumia, akasimama na kuuliza jambo lisilokuwamo kitabuni, mara nyingi huambiwa akae chini asipoteze wakati wa wenzake. Kati ya methali tunayoifundisha na tendo tunalolitenda pana pengo, na katika pengo hilo ndimo vinamopotelea vipaji vingi vya taifa hili.

Katika makala haya nakusudia kueleza kwa ufupi jinsi jamii yetu ilivyokuwa ikiilea akili ya kubuni kwa watoto wake, jinsi shule ilivyoipokea akili hiyo, na funzo tunaloweza kulipata katika kisa cha mwanafunzi mmoja wa Tanzania ambaye swali lake limezunguka dunia nzima. Kisha nitaeleza kidogo kuhusu kazi ya mwalimu, hasa mwalimu wa shule ya msingi, kwa kuwa samaki hukunjwa angali mbichi.

Wako watu wanaoamini kwamba kumfundisha mtoto mdogo kubuni na kuvumbua ni elimu mpya iliyokuja na vitabu vya wageni. Wengine huamini kwamba kipaji ni majaliwa tu: aliyepewa amepewa, aliyenyimwa amenyimwa, wala mwalimu hana la kufanya. Imani zote mbili zina kasoro. Hata mvua ni majaliwa, na bado mkulima hutayarisha shamba kabla haijanyesha. Na kuhusu ugeni wa elimu hii, yafaa kwanza tutazame nyumbani.

Malezi ya jadi

Jioni, baada ya chakula, watoto walikusanyika kwa bibi au kwa mzee mwingine wa nyumba. Mmoja alisema, "Kitendawili!" Wengine wakaitikia, "Tega!" Naye akatega: "Nyumba yangu haina mlango." Hapo kila mtoto alianza safari kichwani mwake, akipitia vitu vyote anavyovijua duniani, akitafuta kilichofungwa pande zote na ndani yake mna kitu. Mmoja alisema kaburi, akakataliwa. Mwingine alisema nazi, watu wakacheka, lakini wakakiri kwamba amekaribia. Mwisho mmoja alisema yai, au walishindwa wote wakatoa mji.

Tusiuone mchezo huu kuwa ni upuuzi wa kupitishia usiku. Kutegua kitendawili ni kuona sifa ya kitu kimoja ndani ya kitu kingine kisichofanana nacho, na huo ndio mwanzo wa uvumbuzi wowote. Mtu wa kwanza aliyekitazama kifuu cha nazi akaona ndani yake kata ya kutekea maji, au akakitia mpini kikawa upawa, alikuwa amekitegua kitendawili ambacho hakuna aliyemtegea. Washairi nao waliukuza mchezo huo. Katika mashairi ya mafumbo na ya kujibizana, mmoja hufunga na mwingine hufungua. Muyaka bin Haji alikuwa bingwa wa mtindo huo huko Mombasa katika karne ya 19, na gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa mwaka 1923, liliwapa washairi wa Tanganyika uwanja wa kuulizana na kujibizana kutoka jimbo hadi jimbo.

Mikono nayo ilikuwa na shule yake. Mtoto wa pwani alichonga ngalawa ndogo, akaitia majini ikapinduka. Akaitia matengo, ikasimama. Mwenzake alisuka kititia cha kuti, akakimbia nacho dhidi ya upepo kikazunguka. Wengine walirusha tiara: mkia ukiwa mzito tiara haipandi, ukiwa mwepesi mno huzungukazunguka na kuanguka kichwakichwa. Basi mtoto alipunguza kitambaa, akaongeza, akajaribu tena, mpaka tiara ikatulia hewani. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba anafanya jaribio la kisayansi, lakini ndilo alilokuwa akilifanya. Baadaye, waya na makopo yalipoingia vijijini, yalizaliwa magari ya waya, yenye magurudumu yaliyokatwa katika soli za ndala kuukuu na usukani wa mti mrefu, ili dereva aendeshe akiwa amesimama wima. Magari hayo hayakuuzwa dukani. Kila moja lilikuwa na fundi wake, na kila fundi alitazama la mwenziwe akaongeza jambo lake: huyu taa, yule springi, na yule mwingine tela.

Kwa watu wazima, elimu hii iliendelea katika uhunzi, useremala, ususi, ufinyanzi na uundaji wa vyombo vya baharini. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Kimarekani, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika kwamba wafua chuma wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, walikuwa wakitengeneza feleji kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Ili kuielewa kazi hiyo, wataalamu hao waliwategemea wazee waliojenga tena tanuri kwa kumbukumbu za ujana wao, ingawa kazi ya kuyeyusha chuma ilikuwa imekufa kwa miongo mingi baada ya chuma rahisi cha kigeni kuingia nchini. Elimu hiyo haikuwa imeandikwa mahali popote. Ilikuwa imewekwa ndani ya vijana waliovukuta mivuo huku wakitazama.

Hata hivyo haifai kuyasifu ya kale kupita kiasi. Malezi hayo yalikuwa na kuta zake. Ufundi mwingi ulifungwa ndani ya ukoo, na pengine ukafunikwa kwa miiko, kiasi kwamba mtoto wa ukoo mwingine hakuuona hata kwa mbali. Msichana aliyekuwa na jicho la mhunzi hakukaribishwa tanurini. Kitendawili chenyewe aghalabu kilikuwa na jibu moja lililokubaliwa, na mtoto aliyeleta jibu jingine lenye maana alihesabiwa kuwa ameshindwa. Na penye mazungumzo ya wakubwa, mtoto alitakiwa kusikiliza tu. Kwa hiyo tulipewa urithi wenye mbegu njema na wenye magugu pia. Kazi ya kizazi kilichofuata ilikuwa kupalilia.

Shule ya mkoloni

Shule iliyokuja na serikali ya kikoloni haikuja kupalilia shamba hilo. Ilikuwa na haja zake. Shule ya serikali ya Wajerumani iliyoanzishwa Tanga katika miaka ya 1890, na nyingine zilizoifuata, zilikusudiwa kutoa makarani, walimu na watumishi wadogo wa utawala. Waingereza nao waliifungua shule ya Tabora katika miaka ya 1920, ambayo mwanzoni iliwalenga hasa watoto wa machifu, ili wasaidie kutawala kwa niaba ya mwingine. Karani mwema ni yule anayeandika sawasawa alichosomewa. Haitakiwi abuni. Kwa hiyo shule ilimpa zawadi mtoto aliyekariri, na ilimchuja mwenzake katika darasa la nne, halafu tena katika darasa la nane, mpaka wakabaki wachache kama chenga juu ya chekeche.

Kazi za mikono zilikuwamo shuleni, lakini mara nyingi zilionekana kuwa daraja la chini, na pengine zikatumika kuwa adhabu. Aliyechelewa alipewa jembe, na aliyefaulu alipewa kalamu. Hivyo ndivyo tulivyojifunza, bila kufundishwa kwa maneno, kwamba akili na mikono ni vitu viwili vilivyotengana. Mtoto aliyelisuka gari la waya asubuhi aliliacha nje ya mlango wa darasa, akaingia ndani kukariri majina ya mito ya nchi asizozijua. Gari lilibaki nje, na akili iliyolitengeneza ilibaki nalo.

Baada ya mwaka 1967

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa maelezo yake ya Elimu ya Kujitegemea. Watu wengi wanakumbuka mashamba ya shule tu. Lakini ndani ya maelezo hayo mlikuwa na mambo matatu ambayo kila mtoto alitakiwa kujengewa: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine, kisha kuyakataa au kuyageuza anayojifunza kulingana na mahitaji yake, na kujiamini kwamba yeye ni mwanajamii huru aliye sawa na wenzake. Tukiyatazama mambo hayo matatu tutaona kwamba ni nguzo za uvumbuzi. Asiyedadisi haoni tatizo, asiyeweza kugeuza alichofundishwa hupata nakala tu, na asiyejiamini hunyamaza hata akiwa ameona.

Utekelezaji ulikuwa na safari yake. Katika shule nyingi jembe lilifika kabla ya udadisi. Wanafunzi walilima, lakini hawakuulizwa kwa nini tuta hili limezaa na lile limekauka. Kisha, kufuatana na Azimio la Musoma la mwaka 1974, taifa liliamua kwamba watoto wote wenye umri wa kwenda shule waandikishwe, na kazi hiyo ilipewa msukumo mkubwa hadi mwaka 1977. Ulikuwa uamuzi wa haki. Huwezi kuzungumzia vipaji vya watoto ambao hawajaona hata ubao. Lakini madarasa yalijaa, walimu wengi waliandaliwa kwa haraka, na penye watoto 80 ni vigumu kwa mwalimu kulisikia swali la mtoto mmoja. Hali hiyo ilijirudia katika shule nyingi elimu ilipotolewa bila ada kuanzia mwaka 2016.

Kwa upande wa watoto wenye vipaji, serikali ilitenga baadhi ya shule za sekondari, kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na za Tabora, zipokee wanafunzi waliofaulu vizuri zaidi katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Shule hizo zimelitolea taifa watumishi wengi hodari. Lakini yafaa tujiulize mtihani ule unachagua nini. Unamchagua anayejibu vizuri. Anayeuliza vizuri hana mahali pa kuandika swali lake.

Kisa cha Mpemba

Jambo hilo linaonekana dhahiri katika kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto. Vijana wa shule hiyo walikuwa na desturi ya kununua maziwa kwa akina mama wa jirani, kuyachemsha, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu ili wapate aiskrimu. Nafasi katika jokofu ilikuwa chache na wateja walikuwa wengi. Siku moja Mpemba aliona kwamba akisubiri maziwa yake yapoe, nafasi itachukuliwa. Mwenzake mmoja alikuwa ameyatia ya kwake bila hata kuyachemsha. Basi Mpemba akayatia yakiwa ya moto, potelea mbali. Baada ya muda wa saa moja na nusu walirudi. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu. Aliambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akakubali, kwa kuwa mwalimu ni mwalimu. Wakati wa likizo alikutana na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga. Huyo alimweleza kwamba yeye huitia jokofuni ikali ya moto, kwa sababu ndivyo inavyoganda upesi, na kwamba alifundishwa hivyo na ndugu yake. Hapa nawaomba wasomaji wasimame kidogo. Ujuzi ule ulikuwa tayari mtaani, mikononi mwa vijana waliokuwa wakitafuta riziki. Shuleni ndiko ulikohesabiwa kuwa ni kuchanganyikiwa.

Baadaye Mpemba aliendelea na masomo katika shule ya Mkwawa, Iringa. Walipofundishwa kanuni ya Newton kuhusu kupoa kwa vitu, aliuliza tena swali lake. Mwalimu alimjibu kama alivyojibiwa mwanzo. Alipozidi kushikilia, aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu, iliitwa hesabu ya Mpemba, na darasa zima likaupokea mzaha huo. Msomaji aliyewahi kuwa mwanafunzi anajua uzito wa mzaha wa namna hiyo. Kiboko huuma siku moja, lakini jina la utani hukaa na mtu mpaka amalize shule.

Hata hivyo hakuliacha. Alasiri moja aliikuta maabara ya biolojia iko wazi na hamna mtu. Alichukua vyombo viwili vidogo, kimoja akakitia maji ya bomba na kingine maji ya moto, akaviweka katika jokofu. Baada ya saa moja alikuta barafu nyingi zaidi katika chombo cha maji ya moto. Kisha alikuja shuleni mgeni, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baada ya mazungumzo wanafunzi waliruhusiwa kuuliza. Mpemba alisimama akauliza: ukichukua maji ya kipimo kimoja katika vyombo viwili, moja likiwa na joto la digrii 35 na jingine digrii 100, ukayatia katika jokofu, ya digrii 100 huganda kwanza, kwa nini?

Wenzake waliona aibu mbele ya mgeni. Osborne alimwomba arudie swali, akamwuliza kama kweli amelifanya jaribio hilo, kisha akakiri kwamba hajui sababu, ila akirudi Dar es Salaam atalijaribu. Huko alimpa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi alileta habari kwamba kweli maji ya moto yalitangulia kuganda, lakini akaahidi kulirudia jaribio mpaka apate jibu lililo sahihi! Tunacheka, na huku tunajicheka wenyewe.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza liitwalo Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi. Jambo aliloliona likaitwa kwa jina lake. Ilionekana pia kwamba watu wakubwa wa kale, akina Aristotle, Francis Bacon na Descartes, walikuwa wamelitaja, ila wengi walikuwa wamelisahau. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitoa shindano la kueleza sababu yake, na majibu zaidi ya 22,000 yakapelekwa. Mabishano hayajakwisha. Mwaka 2016 watafiti wawili, Henry Burridge na Paul Linden, waliandika kwamba vipimo vyao havikuonyesha jambo hilo katika maji. Mwaka 2020 wengine wawili huko Kanada, Avinash Kumar na John Bechhoefer, walionyesha jambo la namna hiyo kwa chembe ndogo mno zilizotiwa majini. Hivyo basi jina la kijana aliyechekwa darasani lingali likitajwa katika maabara za mbali.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu tatu. Kwanza, kilianzia katika kazi ya mikono na haja ya kawaida ya vijana. Pili, hatuwezi kusema kwamba walimu wale walikuwa watu wabaya. Walikuwa wakiitetea kanuni waliyofundishwa, kama wengi wetu tungefanya. Tatu, kilichoyageuza mambo ni sentensi fupi ya mtu mwenye elimu kubwa: sijui, nitajaribu. Bila mgeni yule, swali lingekufa likiwa mzaha. Na ni maswali mangapi yamekufa hivyo, katika shule ambazo mgeni hakufika?

Kipaji na vipimo vyake

Hata mataifa yenye vyombo vingi yamekosea katika jambo hili. Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kuwatafuta watoto wenye akili nyingi kwa kutumia vipimo vya akili, akawafuatilia zaidi ya 1,400 kwa miaka mingi. Wengi wao walifanikiwa katika kazi zao. Lakini wavulana wawili waliopimwa wakaachwa, kwa kuwa alama zao hazikutosha, walikuwa William Shockley na Luis Alvarez. Shockley alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, na Alvarez akaipata mwaka 1968. Katika wale waliochaguliwa hakuna aliyeipata.

Mwaka 1950 J. P. Guilford aliwahimiza wanasaikolojia wenzake nchini humo waichunguze akili ya kubuni, ambayo walikuwa wameipuuza. E. Paul Torrance naye akatunga majaribio ya kuipima, yaliyochapishwa mwaka 1966. Alitazama mambo kama haya: mtoto anatoa mawazo mangapi, mawazo hayo ni ya namna ngapi tofauti, yapi ni ya peke yake, na anaweza kuliendeleza wazo moja kwa kiasi gani. Mtoto alipewa, kwa mfano, kitu cha kawaida kama kopo, akaulizwa linaweza kutumika kwa kazi zipi. Mtoto wetu aliyeligeuza kopo kuwa koroboi, kibuyu cha kumwagilia na gurudumu la gari alikuwa amekwisha kulijibu swali hilo.

Tena, kipaji hakingoji sekondari. Nchini Kenya, karibu na mbuga ya taifa ya Nairobi, mtoto wa Kimaasai, Richard Turere, alikuwa akichunga ng'ombe wa baba yake na simba walikuwa wakiwaua usiku. Alijaribu moto, haukusaidia. Alijaribu kuweka sanamu, na simba wakazoea. Kisha aligundua kwamba simba humwogopa mtu anayetembea na tochi. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi aliunganisha betri na taa ndogo zinazowaka kwa zamu kuzunguka zizi, zikaonekana kama mtu anayetembea. Habari zake zilienea ulimwenguni mwaka 2013. Huyo alikuwa mtoto wa rika la shule ya msingi, na mtihani wake ulikuwa simba.

Kazi ya mwalimu

Mwalimu atauliza: nina darasa kubwa, sina maabara, nifanye nini? Swali hilo ni la haki. Lakini mengi ya mambo yanayotakiwa hayanunuliwi.

Kwanza, kitendawili kirudishwe darasani, lakini kipanuliwe. Mwalimu akitega "Nyumba yangu haina mlango," asitosheke na yai. Awaombe watoto majibu kumi, na kila mmoja aeleze kwa nini jibu lake lafaa. Kisha wao watunge vitendawili vyao. Hapo tutakuwa tumeichukua mbegu ya wazee na kung'oa gugu la jibu moja.

Pili, gari la waya liingie ndani ya mlango. Watoto waambiwe watengeneze mizani kwa vijiti na vifuu, au kifaa cha kumwagilia mche bila kupoteza maji, au njia ya kuzuia panya ghalani. Wafanye kwa makundi, wajaribu mbele ya wenzao, na kilichoshindikana kisichekwe bali kichunguzwe. Mwenye kipaji ataonekana hapo, na huenda asiwe yule anayeongoza katika mtihani. Mwalimu awe macho hasa kwa msichana mkimya wa dawati la nyuma, ambaye nyumbani hutengeneza jiko na kufunga taa, lakini hajawahi kuambiwa kwamba huo ni ufundi.

Tatu, swali liwe na mahali pake. Daftari moja likitundikwa ukutani, likaandikwa maswali ambayo darasa zima pamoja na mwalimu hawajayajua, hata darasa la watoto 80 laweza kusikilizwa. Mwalimu asione aibu kusema hajui. Heshima yake haipungui. Heshima ya Osborne haikupungua alipolisema neno hilo mbele ya wanafunzi wa Iringa, nadhani iliongezeka.

Nne, mwenye kipaji asitengwe na wenzake hata akasahau alikotoka. Mpemba alihitaji akina mama waliomuuzia maziwa, mwenzake aliyegombea naye jokofu, na rafiki wa Tanga. Hakuna mvumbuzi anayevumbua peke yake. Mtoto mwenye akili nyingi apewe kazi ngumu zaidi, naam, lakini pia apewe kundi la kusaidiana nalo. Wahenga walionya kwamba akili nyingi huondoa maarifa, na anayeonya hivyo amemwona mtu aliyeachwa peke yake na akili zake.

Katika miaka ya karibuni taifa limeanza kuwatazama wabunifu kwa jicho jipya, na tangu mwaka 2019 yamekuwapo mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Hilo ni jema. Lakini shindano huvuna. Kupanda hufanyika mapema zaidi, katika darasa la pili na la tatu, mbele ya mwalimu mmoja asiyejulikana na gazeti lolote.

Kesho asubuhi, katika shule fulani, mtoto atalisukuma gari lake la waya mpaka mlangoni. Atasimama, atalitazama, kisha atamtazama mwalimu. Akiambiwa aliache nje, ataliacha. Watoto wetu ni watiifu. Mwalimu na aliangalie kwanza lile gari, aone usukani umefungwaje na magurudumu yamekatwaje. Kisha amwambie aingie nalo, awaeleze wenzake alivyolitengeneza. Na baada ya maelezo, aliachie darasa nafasi ya kuuliza.